Taa Yako Inahema, Acheni Kuiziba na Silikoni!

Haya wadau, najua nimepotea. UE zilinibana, bumu likachelewa, halafu nikaenda zangu nyumbani Muleba likizo ndefu. Nimerudi chuoni na kovu kwenye kiwiko na hasira kifuani, na hasira yenyewe ni ya silikoni. Msicheke, subirini kwanza.

Kaka yangu anaendesha boda pale Muleba. Mwishoni mwa Oktoba nikaazima pikipiki yake kwenda Bukoba mjini kufuata karatasi zangu. Mambo ya karatasi mnayajua, nimetoka huko saa kumi na mbili jioni. Kemondo mvua ikanikuta. Nikafika Muhutwe nikakunja kupanda Kamachumu, maana nilikuwa na dawa za bibi. Mliowahi kupanda ule mlima usiku wa mvua mnajua ukungu wake. Nawasha taa, naona kitu cha njano kama yai limepasuka barabarani, mbele ya hapo giza. Napiga fulu, ndiyo kwanza inazidi kufifia.

Ghafla nyuma ya baiskeli. Mzee anasukuma mikungu minne ya ndizi, hana taa, hana chochote. Nikakata kushoto, nikaingia kwenye kibanja cha watu na kukumbatia mgomba. Mzee akaegesha baiskeli yake taratibu, akaja, akainama kutazama mbele ya pikipiki. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni taa au kibatari?"

Nikamjibu "Shikamoo mzee." Sikuwa na kingine cha kusema.

Kesho yake nikaifungua ile taa. Jamani! Maji yaliyotoka mle ungechemshia chai ya watu wawili. Ndani ya kioo matone yamejipanga, na kile kibakuli cha nyuma kinachong'aa kimeanza madoa meusi. Namuuliza kaka, anasema ilikuwa inatoa jasho kidogo tu asubuhi, akaipeleka kwa fundi mwezi wa tisa, fundi akazungushia silikoni taa nzima kwa elfu tano. "Tangu hapo ndiyo imezidi," anasema mwenyewe, halafu anataka kuirudisha kwa fundi yule yule aongeze nyingine!

Sasa hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Taa ya pikipiki si pipa la kuziba. Imetengenezwa ihemee. Glopu ya wati 35 sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto, si mwanga. Hewa ya ndani ikipata moto inatanuka na kutoka. Ukizima, au mvua ya baridi ikipiga kioo, hewa inasinyaa na taa inavuta nyingine kutoka nje. Ndiyo maana watengenezaji wanaacha kitundu kidogo chini au nyuma, na wanaweka mpira wa kufunika tako la glopu. Unyevu ulioingia unaganda kwenye kioo kwa sababu kioo ndicho chenye baridi kuliko vyote, yale yale ya chupa ya soda baridi mezani. Ukiendesha taa ikiwa imewaka, baada ya muda ule ukungu mwembamba unaondoka wenyewe. Huo si ugonjwa.

Fundi yeye kaona umande, kakimbilia tyubu. Kitundu cha chini kimezibwa. Lakini taa haijaacha kuhema! Inavuta kwa nguvu pale palipobaki, penye nyaya na penye mpira uliochoka, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Halafu zile silikoni zinazonuka siki, harufu ile ni tindikali inayotoka wakati zinakauka, nayo inakula ile rangi ya fedha ya ndani. Rangi ikishaliwa hairudi. Unaweza kubadilisha glopu kila Jumatatu, mwanga utabaki wa kibatari.

Najua mtakachosema, maana kaka alishakisema: "Wewe msomi, mvua ya Bukoba unaijua? Bila kuziba si tutaogelea?" Naijua kaka, ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo kwanza sababu ya kuacha njia ya maji kutoka! Na kuna kuvuja kweli, sikatai. Kioo kimepasuka, mpira wa nyuma umechanika, maji yanasimama chini wala hayaondoki siku nzima, hapo tafuta penye ufa uzibe pale tu, au badilisha mpira. Anayeziba taa nzima hajatafuta kitu.

Na nyie mnaofunga zile taa za LED zenye feni nyuma, ugomvi wenu uko pale pale. Mpira wa zamani hauingii, mnautupa, tundu linabaki wazi kama mdomo. LED nayo haipashi kioo moto kama glopu, kwa hiyo umande unakaa zaidi. Halafu unamulika macho ya mwenzio anayekuja. Tusiende huko, nitachelewa kipindi.

Sisi wenyewe pia, nshomile kama wanavyotuita, tuna aibu yetu. Mimi nimesoma fizikia hadi kidato cha sita. Nimejaza kurasa za hewa kutanuka na kusinyaa, nimepata alama, na pikipiki ya nyumbani inaoshwa kwa pampu ya presha ikiwa bado ya moto mbele ya macho yangu, nakaa kimya. Kila msimu wa senene tunafunga mataa makubwa na mabati yanayong'aa, kila mtoto anajua bati jipya linarusha mwanga. Ila kibakuli cha taa kikichafuka, mtu anachukua tambara la oili anasugua. Kile usisugue kabisa, kinachubuka!

Nilichofanya mimi hakina hela. Nimebandua silikoni yote kwa mkono, nimezibua kitundu kwa waya, nimetoa glopu kwa kushika chuma chake bila kugusa kioo, nikaacha taa juani siku mbili mdomo chini. Mpira mpya wa nyuma nimenunua mjini. Mwanga umerudi, si wote, yale madoa yamebaki.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa kitu kidogo? Kwa sababu saa nane usiku mama mjamzito wa kijijini kule juu anapelekwa Rubya na boda. Hakuna gari. Ni kaka yangu, ni kaka yako, na hiyo hiyo taa. Na ukaguzi tunaoujua sisi ni washa, zima, indiketa, honi, twende. Hakuna anayeuliza inamulika hadi wapi.

Jana kaka kanipigia. Anasema asubuhi imetoa jasho tena kidogo, na fundi kamwambia mdogo wako kakuharibia. Nimemwomba awashe, aende hadi stendi na kurudi, halafu aangalie kioo. Bado nasubiri jibu.