Kabla ya kuuliza nani mchawi, uliza nani anarithi shamba

Wasee, leo sina utani. Nimepost picha ya kitabu tu, mkanijazia inboksi. "Hicho ni cha shetani." "Ulianza na kuacha chuo, sasa umefika kwa mapepo." Sawa. Chuo niliacha, karo ilinishinda mwaka wa pili, si siri. Kusoma sikuacha. Kila mwezi napanda matatu kutoka Marafa hadi Malindi, tunakaa maktaba watu kama tisa hivi, tunajadili kitabu kimoja.

Kitabu chenyewe ni Mexican Gothic, riwaya ya kutisha ya Silvia Moreno-Garcia iliyotoka 2020. Ni Mexico ya miaka ya 1950. Msichana wa mjini, Noemí, anatumwa mlimani kumwangalia binamu yake, aliyeolewa na ukoo wa Waingereza waliotajirika kwa mgodi. Binamu ameandika barua akisema kuna kitu kwenye kuta za nyumba. Wenye nyumba wanasema ni mgonjwa tu, msimsikize.

Mwisho siwaharibii. Ila Noemí hakimbilii kupiga mayowe. Anauliza maswali. Hii mali ilitoka wapi? Nani walikufia mgodini? Nani anafaidika binamu akionekana hana akili?

Hapo klabu nzima ilinyamaza. Sisi watoto wa Kilifi hiyo hadithi tunaijua, ila kwetu haina jumba la ghorofa. Ina shamba. Mzee anaota mvi, mtoto wa mtu anaugua, mtu ananong'ona "ni yule." Usiku mmoja panga zinaingia. Baada ya matanga, shamba linagawanywa. Wazee wameuawa kaunti hii, si riwaya. Wengine walikimbilia Kaya Godoma kule Ganze, wakaacha miembe na minazi waliyopanda wenyewe.

Na mimi si msafi. Jirani yetu mmoja alianza kupaka nywele rangi nyeusi. Nikatengeneza video ya kumcheka, eti babu anatafuta mke mdogo. Laiki zikamiminika. Hawe wangu akaniita: "Mjukuu wangu, yule hatafuti mke. Anaficha mvi asiuawe." Video niliifuta usiku huo. Kumwangalia yule mzee usoni bado siwezi.

Sasa nyinyi mnaoogopa kitabu, nijibuni. Hapa Marafa tuna Nyari, lile bonde la mchanga mwekundu ambalo wageni wanaliita Hell's Kitchen. Tunawasimulia kwamba palikuwa na matajiri waliooga maziwa, ardhi ikawameza. Mgeni akilipa kusikia, mnaita utalii. Mimi nikisoma hadithi kama hiyo maktaba, mnaita ushetani?

Wala msiniambie ni mambo ya wazungu. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Tajiri anakutwa amekufa mzimuni. Bwana Msa hakuanza kusaka mchawi. Aliwasha kiko chake akaanza kuuliza.

Kitabu cha kutisha hakijawahi kuua babu ya mtu Magarini. Voisi noti imeweza. Ile ya "jihadharini na mzee fulani," isiyo na jina la aliyeirekodi, mnaituma kwa magrupu matano kabla ya chai. Hiyo ndiyo ingewatisha. Na mjue Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, inasema kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Kama una madai, peleka kwa chifu au polisi, si kwa grupu la WhatsApp.

Najua kuna atakayesema uchawi upo. Sibishani na imani ya mtu. Nauliza tu: mbona huyu "mchawi" kila mara ana ekari kadhaa, na mbona wanaomtaja ni wale wale wanaotaka kuuza?

Mwezi ujao tunarudi maktaba, na safari hii namwalika yule jirani aje atusimulie ya kwake, kama atakubali msamaha wangu. Wewe voisi hiyo ikikufikia leo, usiitume mbele. Mpigie aliyekutumia, umuulize: huyo mzee shamba lake liko wapi, na nani analimezea mate?