Mashine Isomapo Usingizi
Mgonjwa alalaye saa 8 katika maabara ya usingizi, nyaya zikiwa zimebandikwa kichwani, kandokando ya macho na kidevuni, huacha nyuma yake vipande 960 vya mchoro wa usingizi, vya sekunde 30 kila kimoja, ambavyo mtaalamu, kwa kanuni zilizotungwa na watafiti Rechtschaffen na Kales mwaka 1968 na kurekebishwa mwaka 2007, huvipitia kimoja baada ya kimoja akibainisha hatua ya usingizi. Na kazi hiyo, ambayo akili mnemba huimaliza kwa dakika chache, sioni vibaya kuikabidhi mashine, maana hata mabingwa wawili wakipewa usiku ule ule hukhitilafiana, khasa katika ule usingizi mwepesi wa awali. Khofu yangu i mahali pengine: chombo cha kidoleni kipimacho oksijeni kwa nuru, ambacho mgonjwa huyo pia huvishwa, kimedhihirika, katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2020, kukosea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, kikionyesha kiasi cha kuridhisha ilhali damu imepungukiwa, basi mashine iliyofunzwa kwa hesabu hizo yaweza kuirithi dhulma hiyo na kuihukumu pumzi ya mtu wetu kuwa salama, naye angali akikabwa koo usiku kucha. Kabla ya kuinunua, hospitali zetu hazina budi kumwuliza muuzaji ni usingizi wa nani uliosomwa.