Faraja ya Mungu Haingoji Dhiki Iishe

Baada ya dhiki faraja, walinena wahenga. Methali hii hutajwa aghalabu mtu anapopatwa na msiba, na makanisani hugeuzwa kuwa mahubiri kamili. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno, naona kwamba neno dogo “baada” limetupotosha. Limetufanya tuamini kuwa aliye dhikini hana la kufanya ila kungoja.

Tutazame Noonkopir, hapa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilitupa mkono mfululizo. Mnamo Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kote nchini mifugo zaidi ya milioni 2 iliangamia. Kwa mfugaji, ng'ombe ndiye akiba, ndiye posho, ndiye karo ya shule. Zizi lilipobaki tupu, masomo ya mtoto nayo yalikuwa hatarini.

Mzazi kama huyo akiambiwa kwamba imani yake ni haba, au kwamba astahimili tu, hajafarijiwa. Ametwishwa mzigo wa pili. Lugha zenyewe zayakataa mafundisho hayo. Faraja ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake wahusu kufungua kilichofungwa na kupanua palipobana. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, kitenzi cha kufariji chabeba maana ya kumwita mtu aje kando. Wamaasai nao humwita Mungu Enkai, neno ambalo kwao ni mvua pia. Lugha hizi tatu si za ukoo mmoja, lakini zote zatuonyesha msaada unaomfikia mhitaji pale alipo.

Naye Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, asimulia jinsi alivyodhikika Makedonia, na jinsi Mungu alivyomfariji kwa kuja kwake Tito. Dhiki haikuwa imekwisha. Rafiki alikuwa amefika.

Sisemi kwamba sala haina kazi. La hasha! Nasema kwamba Mungu aghalabu huijibu kwa miguu ya mtu.

Basi, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi aliyeacha kuhudhuria masomo usimwandike mtoro kabla hujauliza habari za nyumbani kwao. Nawe mwanafunzi, mwenzako aliyefiwa au kufilisika usimwepuke kwa kukosa la kusema. Nenda ukaketi naye.