Jeni moja haitamwokoa mkulima wa ngano

MKULIMA wa ngano wa Narok au Uasin Gishu anapouziwa mbegu mpya kwa ahadi kwamba inastahimili kutu ya shina, kuna jambo moja ambalo ni nadra kuelezwa: ustahimilivu huo umejengwa juu ya jeni ngapi? Jibu ndilo litakaloamua iwapo mbegu hiyo itamfaa kwa misimu michache au kwa miongo.

Kutu ya shina si ugonjwa mgeni nchini. Ndiyo iliyoteketeza ngano ya Lord Delamere huko Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, hata akamwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Husababishwa na kuvu ambayo spora zake, mithili ya vumbi la matofali, hupeperushwa na upepo kutoka nchi hadi nchi.

Kwa miaka mingi, ngano nyingi duniani ilikingwa na jeni iitwayo Sr31, iliyotolewa kwa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Jeni za aina hii hufanya kazi kama bawabu. Huuwezesha mmea kuitambua protini fulani ya kuvu, na papo hapo seli zilizovamiwa hujiua. Kwa kuwa kuvu hii hula seli hai tu, hukosa lishe na kufa. Lakini bawabu huyo anaijua sura moja pekee. Protini ikibadilika kidogo, adui hupita bila kuulizwa.

Ndivyo ilivyotukia Uganda mwaka 1998, ilipogunduliwa aina iliyopewa jina Ug99. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1970, aliionya dunia, na Njoro ikawa uwanja wa kupimia ngano kutoka mataifa mengi. Kufikia 2007 Ug99 ilikuwa imethibitishwa Iran.

Yaliyofuata hapa Kenya yalipaswa kuwashtua wanaoidhinisha mbegu. Aina ya Mwamba ilitegemea jeni Sr24. Mwaka 2006 kukatokea kuvu iliyoishinda, na msimu wa 2007 Mwamba ikashambuliwa vibaya. Kisha ikaja Robin, ikapendwa sana. Mwaka 2014 kuvu ya ukoo wa Ug99 inayoishinda jeni yake, SrTmp, ilionekana papa hapa.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya kale. Jeni Sr2, iliyohamishwa nchini Marekani katika miaka ya 1920 kutoka ngano ya kale, ingali inafanya kazi. Haiui kuvu, huichelewesha tu, tena katika mmea uliokomaa. Ikiunganishwa na nyingine za namna yake, hutoa kinga ambayo ni vigumu kuvunjwa kwa badiliko moja. Taabu ni kwamba shamba lake huwa na madoa kidogo, na mnunuzi aliyezoea shina safi hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Hapo sokoni, mbegu ya jeni moja hushinda.

Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza ngano iliyotiwa jeni tano kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni mazao ya GMO, ambayo Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2012, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, na mzozo ukahamia mahakamani.

Hata hivyo, jeni tano hazina faida ikiwa kila moja inauzwa pekee katika shamba la jirani, kwani kuvu hupata ngazi ya kupandia: huishinda moja leo, nyingine kesho. Kwa sababu hiyo Kephis, inayosimamia ubora wa mbegu, ingefaa kudai kila aina mpya ielezwe jeni zake kabla ya kuidhinishwa, na kuikataa inayoegemea moja tu. Wafanyabiashara wa mbegu watanung'unika. Lakini kinga inapovunjika, mwenye shamba kubwa hununua dawa na kupulizia mara mbili, tatu. Mwenye ekari tano hutazama tu shina likivunjika kabla ya punje kujaa.