Programu za kugawana mafaili: zinapatikana bure, lakini zina masharti

Katika kata ya Bukiriro, kama ilivyo sehemu nyingi za Ngara na Biharamulo, wimbo mpya hufika kwenye simu kwa njia zaidi ya moja. Kuna anayeupakua kwa bando lake. Kuna anayerushiwa na jirani kwa Bluetooth. Na kuna anayepeleka memori kadi kibandani, akalipa kidogo na kuingiziwa nyimbo, filamu, hata programu za simu. Kadiri simu janja zinavyoongezeka vijijini, programu za kugawana mafaili nazo zinahama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Baadhi ya programu hizo ni huria, yaani watunzi wake wameziachia watu wote wazitumie, wazigawe na wazibadilishe. Wengi wakisikia neno huria huelewa kwamba hakuna sharti lolote, na hapo ndipo mtu anapoweza kujikuta amevunja sheria bila kujua. Tumeona tuipime habari hii pande zake zote: faida ya programu hizi, gharama zake, na nani hasa anabebeshwa wajibu na leseni zake.

Mitandao mingi maana yake nini?

Tunaposema programu ya mitandao mingi, hatumaanishi simu yenye laini mbili. Mitandao inayozungumziwa hapa ni ile ambayo kompyuta na simu za watu wa kawaida hutafutana na kupeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, bila ghala moja kuu. Maarufu zaidi ilikuwa Gnutella, eDonkey na BitTorrent. Mwanzoni kila mtandao ulihitaji programu yake. Baadaye watunzi wakaunda programu moja inayoingia katika mitandao kadhaa kwa pamoja. MLDonkey ilianzia katika taasisi ya utafiti ya INRIA nchini Ufaransa kwenye miaka ya mwanzo ya 2000. Shareaza, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2004, iliunganisha mitandao minne. LimeWire ilianza na Gnutella, kisha ikaongeza BitTorrent.

Faida yake inaeleweka. Faili hukatwa vipande vidogo na kila kipande kinaweza kutoka kwa mtu tofauti. Umeme ukikatika au mawimbi yakipotea, upakuaji unaendelea baadaye pale ulipoishia. Kwa mahali ambapo intaneti huja na kuondoka, hilo si jambo dogo.

Gharama nayo ipo. Katika mitandao hii simu yako inapopokea vipande, yenyewe pia inawatumia wengine vipande ilivyo navyo. Faili la MB 300 linaweza kula MB 600 za bando ikiwa umetuma kiasi kilekile ulichopokea, na betri inaisha haraka. Tena, idadi ya mitandao haina uzito uliokuwa nao miaka ishirini iliyopita. Watumiaji wengi walishahamia BitTorrent, na ile mingine imebaki na watu wachache. Programu ya mitandao minne leo haikupi mafaili mara nne.

Leseni inadai nini

MLDonkey, Shareaza na LimeWire ile ya zamani zote zilitolewa chini ya leseni iitwayo GPL, iliyotungwa na Richard Stallman na kusimamiwa na taasisi ya Free Software Foundation ya Marekani. Toleo la pili lilitoka mwaka 1991 na la tatu mwaka 2007.

Watu wengi wa Kagera wanaufahamu utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, unakamua maziwa yako, lakini ndama jike wa kwanza unampa mwenzako ambaye hajapata. GPL inafanana na utaratibu huo. Unapewa programu, unaitumia utakavyo, lakini ukimpa mwingine, sharti umpe na haki zilezile ulizopewa wewe. Huruhusiwi kuifungia zizini kwako na kumnyima anayefuata.

Pamoja na haki hizo kuna kitu kinaitwa msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtunzi aliyaandika kabla programu haijageuzwa kuwa faili la kusakinisha. Mwenye msimbo anaweza kuona programu inafanya nini ndani ya simu, kurekebisha kasoro, au kuitafsiri. Faida hiyo imeonekana hapa Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni huria ya programu hiyo iliruhusu kuitafsiri na kuigawa.

Wajibu unaanza pale unapoigawa

Kuitumia tu hakukudai chochote. Hulazimiki kujisajili wala kumlipa mtu. Wajibu wa GPL unaanza pale unapompa mtu mwingine nakala ya programu.

Kama unamrushia jirani bila malipo, wajibu ni mwepesi. Usifute maelezo ya leseni, na mpe taarifa ileile uliyopewa wewe ya mahali msimbo chanzo unapopatikana.

Anayefanya biashara ana wajibu mkubwa zaidi. GPL haimkatazi kutoza pesa. Mwenye kibanda anaweza kukutoza kwa kukuwekea programu hiyo. Lakini chini ya toleo la pili, mwenye biashara anatakiwa akupe msimbo chanzo pamoja na programu, au akupe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, kwamba atakupa ukiuhitaji. Njia rahisi ni kuhifadhi msimbo huo kwenye kompyuta ya kibanda, katika folda moja na programu yenyewe, na kumnakilia yeyote anayeuomba.

Aliye na wajibu mzito kuliko wote ni anayeibadilisha. Kijana aliyesomea kompyuta akiichukua programu ya GPL, akaweka matangazo yake na jina lake, kisha akaigawa, anapaswa kutoa na msimbo wa mabadiliko yake. Akikataa, ruhusa yake ya kuigawa inakoma.

Toleo la tatu limeikumbuka hata mitandao tunayoizungumzia. Linasema kwamba mtu anayepakua programu kwa njia ya kugawana, na simu yake ikawatumia wengine vipande vya programu hiyo kwa sababu hiyo tu, hahesabiwi kuwa amelazimika kuikubali leseni. Mtumiaji wa kawaida amelindwa.

Je, sheria ya Tanzania inaitambua haki ya mtunzi aliye mbali hivyo? Ndiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi za wageni nazo zinalindwa. Kwingineko leseni hii imeshafika mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni ya Sitecom kusambaza vifaa vyenye programu ya GPL bila kutimiza masharti yake.

Programu kuwa huria hakuufanyi wimbo kuwa huria

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Leseni ya programu ni ya programu. Haigusi nyimbo na filamu zinazopita ndani yake, kama vile baiskeli kuwa yako hakufanyi mzigo uliobebwa uwe wako.

LimeWire ni mfano mzuri. Msimbo wake ulikuwa wazi, lakini kampuni za muziki ziliishtaki mwaka 2006. Oktoba 2010 mahakama ya New York iliiamuru isimamishe huduma hiyo, na mwaka 2011 ilikubali kulipa dola milioni 105. Hakuna aliyeilaumu kwa kutumia GPL. Ilishindwa kwa sababu ya nyimbo za watu.

Kwetu, haki za wasanii zinasimamiwa na COSOTA, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki hizo. Sheria hiyo inatenganisha anayefanya kibiashara na asiyefanya kibiashara, na adhabu ya mfanyabiashara ni kubwa zaidi. Ndiyo maana anayeingizia watu nyimbo kwa malipo yuko mahali pa hatari kuliko wateja wake. Hata asiyelipwa akumbuke kwamba katika mitandao hii kupakua ni kugawa pia.

Hasara hiyo haiwapati matajiri wa mbali peke yao. Kwaya ya kijijini iliyochanga pesa kwenda studio nayo hukosa mauzo wimbo wake unapoenea bila idhini. Kwaya ikiruhusu wimbo ugawiwe ili ijulikane, ni sawa, maana mwenye mali ameamua mwenyewe.

Na vipo vingi vya kugawana kihalali. Wikipedia ya Kiswahili inaruhusu kunakiliwa kwa masharti ya kutaja ilikotoka na kuacha wengine wainakili. Programu ya Kiwix, ambayo nayo ni ya GPL, inakuwezesha kuisoma bila intaneti, na mafaili yake yanapatikana pia kwa BitTorrent. Shule inaweza kuyapakua mara moja na kuwarushia wanafunzi wote.

Jina peke yake halitoshi

Msimbo ukiwa wazi, mtu yeyote anaweza kuutumia tena, lakini jina linaweza kuchukuliwa na wengine. Desemba 2007 anwani ya intaneti iliyokuwa ya Shareaza iliangukia mikononi mwa kampuni nyingine, ikaanza kutoa programu tofauti kwa jina lilelile. Watunzi wa Shareaza ya kweli walilazimika kuhamia anwani nyingine. Jina la LimeWire nalo lilirudi mwaka 2022 kwa wamiliki wapya na biashara mpya. Kwa hiyo faili la kusakinisha ulilopewa mkononi, hata likiwa na jina unalolijua, linaweza kuwa na kitu kingine ndani.

Programu zisizo huria zina tatizo jingine. SHAREit haina wajibu wowote wa GPL, lakini pia haikupi haki ya kuona msimbo wake. Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kasoro katika toleo lake la Android, na wenye programu wakasema baadaye kwamba wamezirekebisha. Mtumiaji hana njia ya kukagua mwenyewe, wala ya kumpa fundi amkagulie.

Uzani wetu

Kwa mtu wa Bukiriro anayetaka kumpa jirani picha za harusi au wimbo wa kwaya yao, programu ya mitandao mingi haina maana. Kurusha moja kwa moja kutoka simu hadi simu hakuli bando hata kidogo. Kwa anayehitaji faili kubwa na halali, programu moja ya BitTorrent inatosha, hasa akipata Wi-Fi. Achague iliyo huria, na aichukue kwa watunzi wenyewe au kwenye ghala la F-Droid, linalopokea programu huria tu na linalowezesha simu mbili zilizo karibu kupeana programu.

Kwa mwenye kibanda, ushauri wetu ni huu. Programu huria ziwekee folda yake, pamoja na leseni na msimbo chanzo wa kila moja. Nyimbo na filamu ambazo huna idhini yake zitoe kwenye mauzo. Mteja naye anapoingiziwa programu aulize mambo mawili: imetoka wapi, na msimbo wake uko wapi. Muuzaji asiye na jibu la swali la kwanza hapaswi kupewa simu yako.