Kijani ya sombe na udugu wa viumbe

UKURASA WA MCHUNGAJI

Mwezi huu sitaanza na mahubiri. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja kisha ibada, kijana mmoja wa korali aliningojea ku mlango wa kanisa, kaye ya biolojia mukononi. Akaniuliza: "Baba Pasta, mwalimu anatuambia asema majani, mwani na bakteria ni jamaa moja, na rangi yao ndiyo inaonyesha vile. Mi niamini nani, yeye ao Biblia?" Mimi nilikuwa na haraka, watu wa ndoa walikuwa wananingoja. Nikamjibu: "Mwana wangu, hayo ni mambo ya dunia. Achana nayo, kamata Neno." Akainamisha kichwa, akaenda.

Juma iliyofuata hakuja ku mazoezi ya korali. Kisha mwezi mmoja mama yake akaniambia: "Pasta, mtoto anasema kama kanisa linaogopa kaye ya masomo, basi kuna kitu linaficha."

Neno lile lilinichoma. Mimi nilisoma shule ya Biblia, biolojia sikuifundishwa sana. Lakini nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa kanisa letu, nikaazima vitabu, nikasoma usiku polepole. Mambo niliyoyapata nawaandikia hapa, maana najua kijana yule hayuko peke yake.

KIJANI YA JIWE NA KIJANI YA JANI

Sisi watu wa mine tunajua kijani ya jiwe. Mtoto wa Kolwezi ao wa Likasi anajua malakiti mbele ajue kusoma, na anajua kwamba kijani ile ni shaba. Sasa, mama, angalia sombe ndani ya kinu. Ile kijani si shaba hata kidogo. Inaitwa klorofili. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio waliipa jina hilo mwaka 1817. Nyuma yao Mjerumani Richard Willstätter alionyesha kwamba katikati ya klorofili munakaa madini ingine, magnezi. Kwa kazi yake juu ya rangi za mimea alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1915.

Bamama wote wameona kazi ya magnezi pasipo kujua jina lake. Sombe mbichi inang'aa. Ikikaa sana ku mbabula, kijani inafifia na kuelekea rangi ya udongo. Ni kwa sababu moto, pamoja na ukali ulio ndani ya majani yenyewe, unatoa magnezi katika nafasi yake.

Tena kuna ajabu hii: rangi nyekundu ya damu yako imejengwa kwa duara linalofanana sana na lile la klorofili, isipokuwa katikati, pahali pa magnezi, munakaa chuma. Hans Fischer, yeye pia Mjerumani, alichunguza zote mbili, ya damu na ya jani, akapata Nobel mwaka 1930.

Kazi ya klorofili ni kukamata mwanga wa jua. Kwa nguvu ya mwanga ule jani linajitengenezea chakula kwa maji na gesi ya kaboni. Linameza zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, na kijani inabaki kuja machoni mwetu. Mwaka 1882 mtu mmoja jina lake Engelmann aliangazia uzi mwembamba wa mwani kwa mwanga uliogawanywa kama upinde wa mvua, akatia ndani ya maji bakteria wanaopenda oksijeni. Bakteria wakakusanyika hasa penye mwanga mwekundu na penye bluu. Ndipo akajua ni pale mwani unafanya kazi sana na kutoa oksijeni.

KILA JAMAA NA RANGI YAKE

Kumbe klorofili haiko moja. Wenye elimu wanazipa herufi: a, b, c na kuendelea. Tuzipange kama tunavyopanga jamaa.

Wa kwanza ni bakteria wa zambarau na bakteria wa kijani wa salfa. Klorofili yao ni ya namna ya peke yake, inaitwa bakterioklorofili. Wengi wanakaa katika maji na matope yasiyo na hewa. Pahali pa kutumia maji, wengi wanatumia ile gesi yenye kunuka kama yai bovu, na hawatoi oksijeni. Wale wa zambarau wanakamata hata mwanga ambao macho yetu hayauoni.

Wa pili ni sianobakteria. Zamani waliitwa mwani wa bluu-kijani, lakini ni bakteria kabisa. Wana klorofili a, pamoja na rangi ya bluu inayoitwa fikosianini, na wengine wana nyekundu inayoitwa fikoeritrini. Hawa wanapasua maji na kutoa oksijeni. Pembeni ya ziwa Chad, wanawake wa kabila la Kanembu wanakausha aina moja juani na kuifanya chakula, jina lake dihe. Lakini aina zingine zina sumu. Ukiona maji ya bwawa yamefunikwa na povu la kijani, usiyape watoto wala mbuzi. Hata kuyachemsha hakutoi sumu ile.

Wa tatu ni mwani wenyewe. Mwani mwekundu wa baharini una klorofili a na rangi za jamaa ya zile za sianobakteria. Mwani wa kahawia una a na c, na rangi ingine ya kahawia juu yake. Mwani wa kijani, kama ule wenye nyuzi unaoshika mawe ya mtoni, una a na b. Na a na b ndizo ziko katika sombe, katika matembele, katika mahindi na katika mwembe wa kiwanja chako.

Umeona? Klorofili a iko kwa sianobakteria, kwa mwani wote na kwa majani yote ya shambani. Namna gani hivyo?

MGENI ALIYEKUWA MWANA WA NYUMBA

Mwaka 1905 Mrusi Mereschkowsky alisema jambo ambalo wengi hawakulikubali. Alisema vile vipande vya kijani vilivyo ndani ya jani, vinavyoitwa kloroplasti, zamani vilikuwa viumbe vinavyojitegemea. Kiumbe kingine kilivimeza, lakini hakikuvisaga, vikabaki kuishi ndani yake. Mwaka 1967 mama mmoja Mmarekani, Lynn Margulis, alilisimamisha tena wazo lile. Mbele ya hapo ilikuwa imeonekana kwamba kloroplasti ina ADN yake ya peke yake, na mwaka 1975 Bonen na Doolittle walionyesha kwamba kloroplasti ya mwani mwekundu inafanana na bakteria kuliko inavyofanana na nyumba inamokaa. Leo karibu wote wenye kuchunguza mambo haya wanakubali: kloroplasti ilitoka kwa sianobakteria. Mgeni aliingia, hakutoka tena, akakuwa mwana wa nyumba. Mwani wa kahawia nao ulipata kloroplasti yake kwa kumeza mwani mwekundu: mgeni ndani ya mgeni.

Lakini rangi peke yake inaweza kutudanganya. Siku ya 8 Machi, bamama wawili wakivaa kikwembe kimoja, haionyeshi kwamba wametoka tumbo moja. Wenye elimu nao walianguka katika mtego huu. Katika miaka ya 1970 walipata bakteria mmoja anayekaa na viumbe laini vya baharini, jina lake Prochloron. Alikuwa na klorofili a na b, kama sombe! Mwaka 1976 Ralph Lewin akapendekeza kumwekea kundi lake mpya, na wengi wakasema: huyu ndiye jamaa ya karibu ya baba wa majani yote. Wengine kama yeye wakapatikana. Mwaka 1992 wakachunguza ADN. Wakakuta kwamba hawa bakteria wenye a na b hawatoki pamoja katika tawi moja, wanatoka katika matawi mbalimbali ya sianobakteria, na hakuna kati yao aliye jamaa ya karibu ya kloroplasti. Wazo la kwanza likafutwa, tena mbele ya watu wote.

Hapo niliweka kitabu chini, nikakumbuka kijana wangu.

MAWE YA KWETU

Ninyi mnaofanya kazi ku mashimo mnajua jiwe linaloitwa R.S.C., lile gumu lenye matundu-matundu, linalokaa kati ya tabaka mbili za shaba. Wajiolojia wanatuambia kwamba zamani lilijengwa ndani ya bahari ya maji mafupi. Utando wa viumbe vidogo, hasa sianobakteria, ulishika matope na chokaa, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Mahali tunapochimba leo palikuwa bahari, na wajenzi wake walikuwa hao wadogo wa kijani. Hata hewa unayoivuta ukiwa chini ina historia yao: oksijeni ilianza kuongezeka sana angani karibu miaka bilioni 2.4 iliyopita, kwa kazi ya sianobakteria.

BASI, NA BIBLIA?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, kinatuambia Mungu aliiagiza nchi itoe majani, nayo ikayatoa. Nimesoma mstari ule tangu utoto wangu. Haunielezi nchi ilifanya namna gani, wala haunikatazi kuuliza. Najua wachungaji wenzangu wengine wanahesabu siku zile sita kama siku zetu za saa 24. Ni ndugu zangu, tunashiriki meza moja ya Bwana, na sitashindana nao hapa. Lakini katika jambo moja sote tusikie: tusimwambie mtoto kwamba kuuliza ni zambi. Katika Matendo ya Mitume 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa sababu walichunguza hata mafundisho ya Paulo. Paulo hakuwafukuza.

Mimi naamini kwamba Yeye aliyeumba hakuogopa kazi ya polepole. Kama alitaka sombe yetu iwe kijani kwa njia ya bakteria mmoja aliyemezwa bila kusagwa, mimi ni nani wa kumwambia njia ile haifai? Na kama wenye elimu hawakuona haya kufuta neno lao mwaka 1992, mchungaji aone haya kwa nini? Basi leo nafuta lile neno langu "Achana nayo". Lilikuwa neno la haraka, halikuwa Neno la Mungu.

JARIBUNI NYUMBANI

Mwaka 1906 Mrusi Tswett aliandika namna alivyotenga rangi za majani kwa kuzipitisha katika unga wa chokaa. Ninyi mnaweza kufanya kitu cha jamaa hiyo. Twangeni majani machache ya matembele. Tieni ndani ya kopo pamoja na alkoli kidogo ya kusafishia kidonda (si lutuku, tafazali!), na kopo likae mbali na mbabula, maana alkoli inashika moto upesi. Chujeni. Kisha simamisheni chaki nyeupe ya mwalimu ndani ya maji yale ya kijani, mungoje. Rangi zitapanda polepole. Mukiwa na subira, mutaona manjano inaanza kuachana na kijani. Ile manjano ilikuwa ndani ya jani siku zote, imefichwa na kijani.

Kwako wewe, kijana wangu wa korali. Mama yako ananiambia ukurasa huu bado unausoma, hata kama kanisani hauji. Nilikosa. Mwalimu wako hakukudanganya, na Biblia yako haikukudanganya. Aliyekufungia mlango ni mimi. Njoo siku ya Jumamosi, ulete kaye, mi nitatafuta chaki. Kama swali lako lingine litanishinda, nitakuambia linanishinda, na tutaenda kwa mwalimu pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini bakteria wenye klorofili a na b walidhaniwa kuwa jamaa ya karibu ya majani, na ni kitu gani kiliwafanya wenye elimu wageuze mawazo?

2. Wazazi, ni swali gani la mtoto wenu mulilolijibu kwa haraka mwaka huu? Mulirudilie leo.

3. Someni pamoja Matendo 17:10-12. Watu wa Beroya walifanya nini kila siku?

Bwana awabariki, tutaonana mwezi ujao.