MAONI YETU: Kilemba kisiishie mdomoni

Dodoma inanunua na kuuza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huu; ile ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikavunjwa Mei 2017, na mwaka uliofuata mji ukatangazwa kuwa jiji. Tangu 2024 treni ya umeme inashusha abiria kutoka Dar es Salaam. Mtumishi aliyepata mkopo anajenga fremu nne za maduka mbele ya kiwanja chake Nzuguni au Ilazo kabla hajapaua nyumba ya kuishi. Naye kijana mwenye akiba hataki kuanza na fremu tupu. Anatafuta duka la dawa, saluni au mgahawa ulioshika wateja, anamlipa kilemba anayeondoka, kesho yake asubuhi anafungua mlango.

Hatuna ugomvi na biashara ya namna hii. Mtu akihamishwa kikazi au akichoka, duka lake halifi. Linapata mwenye nguvu mpya. Kinachotukera ni kuona jasho la miaka linabadilisha mikono bila ulinzi wowote.

Tazama mauziano yenyewe yanavyokwenda. Muuzaji wa saluni anaorodhesha viti, vioo, draya mbili na friji la soda. Ukivipeleka kwa wauza vitu vilivyotumika, vyote kwa pamoja havifiki nusu ya bei anayotaja. Kiasi kilichobaki ndicho kilemba: thamani ya mahali na wateja. Dalali amesimama pembeni akisubiri chake. Mkataba wa pango umebakiza miezi minne. Mwenye nyumba hayupo, ila "ameshaambiwa, hana neno". Pesa inatumwa kwa simu, watu wanapeana mikono, basi. Miezi minne ikikatika mwenye nyumba anapiga simu: kodi imepanda maradufu, au mdogo wake anaitaka fremu hiyo afungue saluni yake. Mnunuzi anabaki na viti.

Akienda kulalamika, ana nini mkononi? Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu pango la mwaka mmoja au pungufu liwe la mdomo tu, na pango la namna hiyo halisajiliwi. Fremu nyingi zinapangishwa kwa miezi sita sita. Ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake, ilifutwa 2005. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini linasoma karatasi iliyowekwa mezani. Mkataba wa miezi sita ukiisha, umeisha. Hata Tume ya Ushindani, inayokagua makampuni yanaponunuana, inaanza kuangalia pale thamani inapofika shilingi bilioni 3.5. Mwenye saluni hayumo humo.

Kenya walilifanyia kazi jambo hili mapema. Tangu 1965 wana sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hatolewi wala hapandishiwi kodi ghafla. Anapewa notisi isiyopungua miezi miwili, na asiporidhika anakwenda kwenye baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo wa Nakuru, mji uliopandishwa kuwa jiji 2021, wanajenga maghorofa chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaosema ulinzi wa mpangaji utawakimbiza wawekezaji wa majengo watuoneshe walikokimbilia.

Hatuombi Serikali ipange kodi ya fremu. Hilo lilijaribiwa, na wenye nyumba wana haki ya kulikataa. Tunataka mambo machache. Kilemba kiandikwe, na mwenye nyumba asaini pamoja na muuzaji na mnunuzi, akitaja muda atakaompa mpangaji mpya. Miaka mitatu si mingi kwa mtu aliyetoa akiba yake yote. Asiyetaka kusaini aseme mapema, mnunuzi ajue anachonunua ni viti. Kumtumia dalali kama mjumbe wa ridhaa ya mwenye nyumba kukomeshwe kabisa.

Mnunuzi naye asijifunge macho. Ukinunua hisa za kampuni iliyosajiliwa BRELA, unarithi na madeni yake: kodi ya TRA, michango ya wafanyakazi isiyopelekwa, mali kauli kwa wauzaji wa jumla. Ukinunua vifaa na kuingia kwa jina lako, hali ni tofauti, lakini utahitaji leseni yako mwenyewe, maana ile iliyotundikwa ukutani ni ya aliyeondoka. Na kama unanunua jengo zima, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hauthibitishi kwamba hati haijawekwa rehani benki.

Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Iandae fomu moja ya mkataba wa fremu, kwa Kiswahili, yenye kipengele cha kilemba, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kata. Maofisa biashara wanapita maduka haya kila mwaka kudai leseni. Wanaweza kuibeba fomu hiyo. Kuhusu notisi na baraza la pango la biashara, hilo ni la Bunge, nalo linakaa hapa hapa Dodoma. Waheshimiwa wenye fremu zao mjini hapa watangaze maslahi yao, kisha walete muswada.